Moja, Tatu, Nne, Mbili

Mvua ya Valdivia hainyeshi, inahamia.
Huingia mwezi wa tano na mizigo yake yote,
na wiki ile ya pili Pijo 404 ya mama
ikaanza kumisi:
inasema maneno matatu, la nne inalimeza.

Nikasafisha plagi. Nikabadilisha kondensa.
La nne likazidi kumezwa.
Basi nikampigia Baldomero, kaka yangu,
ambaye hatukuwa tumesemezana
tangu siku tuliyoipima kwa kamba nyumba ya mbao,
chumba hiki changu, jiko lile lako,
miaka miwili na ushei.
Sikumwuliza hali. Nilisema, "Inamisi."
"Kwenye unyevu tu?"
"Kwenye unyevu tu."
"Ngoja giza liingie."

Alikuja na chupa ya kunyunyizia maua.
Hakuvua koti. Hakuutazama mlango wa jikoni
nilioupaka kijani bila kumshauri.
Tukafungua boneti, tukazima taa ya banda,
injini ikichechemea gizani,
naye akapuliza ukungu wa maji, mara mbili,
kama mama alivyorowesha mashati kabla ya pasi.

Hapo tukaona.
Uzi wa buluu, mwembamba kama mshipa wa jichoni,
ukitoroka kwenye waya wa tatu, ukirukia chuma.
Kisha mwingine. Kisha zikawa nyingi,
moto uliotumwa kazini
ukiishia vichochoroni.
Na mchana nyaya zile zilikuwa nyeusi, nzima,
nimezifuta kwa kitambaa mimi mwenyewe,
nikaapa kwamba kasoro iko kwingine.

"Zimekufa," alisema.
Akaukunja mmoja; raba ikapasuka
kama ganda la mkate wa juzi.
Tukapima ule mrefu kwa mita: sindano
haikunyanyua hata kichwa.

Mpya nilikuwa nazo, za mzee Schwerter wa Osorno,
zimelala droo moja na vitambaa vya meza.
Wenye busara hung'oa mmoja, huweka mmoja.
Mimi nilizing'oa zote kwa mkupuo,
maana alikuwa ananitazama.
Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime.
Hawakusema kitu juu ya ndugu wenye spana.

Nikazisukuma chini ya mirija ya bakelaiti
hadi nikasikia kila plagi ikiuma, tak.
Moja, tatu, nne, mbili. Nikapiga stata.
Pijo ikapiga chafya ya moto kwenye kabureta,
mbwa wa jirani akavuka ua bila kugusa ua.

Kimya. Mvua juu ya bati.
"Umehesabu kuanzia wapi?"
"Mbele. Kwenye feni."
"Kwenye Pijo, ya kwanza iko nyuma."
Hakunicheka. Alisema hivyo kifungua mimba wa mama,
amesimama nyuma yangu na tochi,
maji yakimtiririka shingoni,
na sikuwa na jibu, kwa hiyo nikanyoosha mkono,
naye akaanza kunipa nyaya, mmoja mmoja:
"Moja."
"Moja."
"Tatu."
"Tatu."
Sijui ni lini tulizungumza kwa muda mrefu hivyo.

Ikawaka. Maneno manne, yote manne,
tena na tena, kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba.
Akazima tochi, akapuliza ukungu wake tena,
tukainama vichwa karibu kugusana
tukitafuta buluu.
Giza lilikuwa giza tu.

Alifuta mikono kwenye suruali, si kwenye kitambaa nilichompa.
Habari ya nyumba hakuitaja, wala mimi.
Alipofika getini akageuka:
"Ile kijani. Ni rangi ya mafuta au ya maji?"
"Ya mafuta."
"Afadhali," alisema,
"kwa mvua hii."
Chupa yake aliisahau juu ya betri.
Iko hapo bado, ina maji nusu.